Pengo Liachwe Pengo

Kra. Kimya kidogo. Kra.

Kulikuwa bado giza. Nilikuwa nimelala ubavu, mtoto ananyonya, na kutoka jikoni nikasikia kisu kinakata kitu kigumu, kwa kipimo kilekile kila mara, kama mtu anayekatia watoto muwa na hataki mmoja alalamike. Anwari alikuwa na siku tatu tu duniani. Mama mkwe wangu, Bi Zabibu, alikuwa amefika jana yake kutoka Hamugembe kuja kunilea uzazi. Nikajisemea, mama ameshaamka, anakata vijiti vya kuwashia moto. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mkwe asiyelala, nikarudi usingizini.

Kama ningeinuka asubuhi ile, tungeongea dakika mbili yakaisha.

Hapa kwetu Kimwani mihogo si chakula cha wakati wa njaa tena. Tangu mnyauko uliposhambulia migomba, sufuria nyingi zinategemea mihogo. Halafu na mihogo nayo ikaanza. Jirani yangu Ephrasia alilima nusu eka, majani ya kijani, mashina yamesimama vizuri, mtu akipita anamsifia. Siku ya kuvuna akang'oa, akapasua, akakuta ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Akapanda tena kutoka mashina yaleyale, kwa sababu mtu anapanda alichonacho. Msimu wa pili ikawa vilevile. Nakumbuka alivyokaa juu ya jembe lake akaniuliza, "Mama Shadya, sasa watoto nitawapa majani?"

Ndipo kikundi chetu cha kaya kumi na nane kikaomba mbegu safi, na mimi nikachaguliwa kuzizalisha. Sababu zilikuwa mbili. Shamba letu liko peke yake, limetengwa na mihogo ya watu kwa kibanja cha migomba na bonde. Ya pili, nasoma masomo ya jioni pale shuleni, najiandaa na mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo wakasema huyu ataweza masharti. Masharti yenyewe niliyanakili kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya mlango wa chumba. Mbegu isitoke nje ya shamba lililokaguliwa. Shina lenye dalili ling'olewe na kuchomwa. Na sharti ambalo kila aliyelisoma alicheka: pengo liachwe pengo.

Mkaguzi alikuja mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi minane. Anaitwa Protase, mrefu, mwenye buti za mvua na simu ya kupigia picha majani. Alitembea mstari kwa mstari, akafunga kitambaa chekundu kwenye mashina thelathini na moja ambayo majani yake yalikuwa yameanza kujikunja. Akasema shamba liko ndani ya kiwango, ila hayo yang'olewe siku hiyohiyo. Niliyang'oa mwenyewe, tumbo mbele, huku binti yangu Shadya akinihesabia mpaka kumi, kisha anaanza upya, maana kumi ndiyo mwisho wa hesabu zake.

Jioni ile darasani mwalimu wa baiolojia alisema, "Kirusi hakina dawa ya kunyunyizia. Ukishampata mgonjwa wa aina hii, unamtoa kati ya wazima." Niliandika, nikapiga mistari miwili chini yake. Wiki chache baadaye Anwari akazaliwa.

Kwa arobaini yangu sikutoka nje ya uwanja. Ndivyo tunavyofanya, na sikuona ubaya wake. Bi Zabibu alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, akamwogesha mtoto huku akimwita mume wake. Mume wangu Twaibu anatengeneza baiskeli na pikipiki pale senta, anaondoka mapema, kwa hiyo shamba pia likawa la mama.

"Mama, kule ni kupalilia tu," nilimwambia.

"Mawe!" akashangaa kwa lugha ya kwao. "Unanifundisha kulima?" akacheka. "Huyo mume wako nimemlisha nini, chaki?"

Nikacheka na mimi. Ningemsomea karatasi ya mlangoni, lakini ilionekana kama kumpa mama mkwe mtihani. Nikaacha.

Alikuwa amekuja na mizigo, kama kawaida yake. Senene wa kukaanga kwenye kopo la maziwa. Nusu gunia la mihogo kutoka nyuma ya nyumba yake. Na mzigo mrefu uliofungwa kwa majani makavu ya migomba, ambao aliusimamisha nyuma ya jiko na mimi nikadhani ni kuni. Mihogo ile aliifukia kwenye mchanga mbichi chini ya kichanja isiharibike, tukaila na maharage zaidi ya wiki mbili. Ilikuwa mitamu, ila vipande vyake vilikuwa na mashimo, kila kimoja kisu kimechokoa kitu kikakitoa.

"Panya wa Hamugembe wamesoma," aliniambia nilipoangalia kipande. "Wanakula ndani, wanaacha ganda."

Siku ya arobaini na moja nilijifunga kanga, nikamweka Anwari mgongoni, nikashuka shambani nikiwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mihogo ilikuwa imepanda kunipita kiuno. Nikaanza na shamba la chini, lile lililo karibu na njia ya kisimani, nikitafuta mapengo yangu.

Hayakuwepo. Kila pale nilipong'oa shina palikuwa na mche mdogo, majani yake mororo, urefu wa goti, umekaa mstarini kama mtoto aliyepangwa na wakubwa kwa ajili ya picha.

Bi Zabibu alikuwa nyuma yangu, mkono umeshika kiuno, anasubiri nigeuke.

"Umeona?" akasema. "Nilifika nikakuta shamba la mke wa mwanangu limeng'oka meno. Watu wanapita hapa na ndoo zao, wanaangalia, wanasema yule msomi ni mvivu. Nikasema si mimi nikiwa hai."

"Mama, hizi mbegu zilitoka wapi?"

"Kwangu. Zingetoka wapi? Ile mihogo mitamu, marehemu mzee alikuwa anaila mibichi akienda msikitini. Nimekuja nayo tangu Hamugembe. Kondakta anataka kuitupa kwenye buti, nikamwambia, wewe, hii napakata, mtoto wako ndiyo uweke buti." Akacheka mwenyewe. "Siku ya kwanza tu, kabla hujaamka, nilikuwa nimeshakata pingili zote. Kwetu mwanamke hafiki kwenye mji wa mwanawe akaondoka bila kuacha kitu kinachoota."

Kra, kra. Ndiyo ile sauti.

Nilihesabu. Shamba la chini alikuwa ameziba mapengo kumi na tisa. Juu ya njia, ambako shamba linapanda kilima, mapengo kumi na mawili yalikuwa bado wazi.

"Huko ziliniishia," alisema kwa masikitiko. "Nikirudi nitakuletea."

Nilimshika mkono tukapanda nyumbani, na njiani nilikuwa nahesabu siku. Ukaguzi wa pili, ule unaoamua kama shamba litabaki kuwa la mbegu au litakuwa la kula tu, ulikuwa baada ya siku nne.

Twaibu aliporudi nilimweleza uani, kwa sauti ya chini, mama akiwa ndani anasali.

"Sasa tatizo liko wapi?" akasema. "Ng'oa kesho asubuhi. Mapengo yatakuwa kama yalivyokuwa. Protase atajuaje?"

"Na inzi weupe?"

"Inzi gani?"

"Wale wadogo chini ya jani. Wananyonya mgonjwa wanahamia kwa mzima. Hiyo miche imekaa pale wiki tano na zaidi, Twaibu. Mashina yaliyopakana nayo yanaweza kuwa yameshaupata ugonjwa, na majani hayasemi bado. Protase ataangalia, ataona kijani, atasaini. Halafu Ephrasia atapanda."

"Wewe hujui kama mihogo ya mama inaumwa."

Hapo alisema kweli. Sikujua. Nikaenda jikoni, nikafukua mchanga chini ya kichanja, mahali mama alipofukia mihogo. Ulikuwepo mmoja umebaki, mwembamba, umeanza kukauka. Nikaupasua kwa urefu. Ndani ulikuwa mweupe, na katikati ya weupe madoa ya kahawia, matatu makubwa na mengine kama vumbi. Nikakaa kwenye kigoda na vipande viwili mkononi. Siku zote zile nilikuwa nimekula kilichobaki baada ya madoa kutolewa.

Bi Zabibu aliingia na birika la udhu. Nikampa kipande.

"Mama, hii mihogo iko hivi tangu lini?"

"Hayo? Hayo ya kawaida. Unachokoa unatupa." Akakitazama tena kwenye mwanga wa taa. "Tangu msimu wa juzi. Nilidhani ni maji, maana kule kwetu nyumba zimebanana, maji ya mvua hayana pa kwenda."

"Ndio ugonjwa wenyewe. Ndio uliomfilisi Ephrasia."

Akauliza taratibu, "Kwa hiyo nimekuletea ugonjwa."

"Hukujua, mama. Ni mimi sikukusomea masharti. Lakini ile miche lazima itoke."

"Itoke?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka kipande cha muhogo mezani, taratibu sana, kama kikombe cha mgeni. "Ng'oa," akasema. "Ukimaliza kung'oa mikono yangu, na mimi unisindikize stendi."

Kwa siku tatu alinisalimia kupitia kwa Anwari. "Mwambie mama yako uji uko tayari." Mtoto wa mwezi na nusu! Alimwogesha, akapika, akafagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, na begi lake alilipanga akalisimamisha mlangoni ambako kila mtu angelipita. Nililia mara moja, nikiwa najisomea, machozi yakadondokea daftari la baiolojia. Sikuwa nalilia mihogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano. Huyu ndiye niliyekuwa naye.

Twaibu alijaribu tena. "Ng'oa tu leo jioni, yaishe. Mama atanuna, atanyamaza. Protase hatajua, kikundi hakitajua, kila mtu anabaki na heshima yake."

"Na wewe ungefunga breki mbovu kwenye pikipiki ya mtu kwa sababu hataiona?"

Akakuna kichwa. "Umeanza maneno ya shule," akasema, lakini hakurudia tena.

Sikuing'oa. Niliiacha pale pale ili mkaguzi aione ilivyo.

Protase alifika saa tatu asubuhi, buti zilezile. Ephrasia alikuja naye kama mwakilishi wa kikundi, na Shadya akiwa nyuma yake ameshika kijiti. Kabla hajafungua karatasi zake nikasema. Nilisema yote, tangu mzigo wa majani ya migomba mpaka kipande cha muhogo, na hicho kipande nilikuwa nimekifunga kwenye mfuko nikamkabidhi. Jina la mama sikulitaja. Nilisema, "Wakati wa arobaini yangu mbegu za nje ziliingia shambani. Shamba liko chini yangu, kosa ni langu."

Ephrasia alivuta pumzi. "Mama Shadya! Tumengoja misimu miwili!"

"Najua."

"Si ungeing'oa tu kimyakimya!" akasema, kisha akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo. "Hapana. Hapana, waitu, mwenzangu. Afadhali umesema. Ningeizika hela yangu mara ya tatu."

Protase aliinama kwenye mche wa kwanza, akageuza jani. "Nani alipanda?" akauliza. "Siulizi kwa ubaya. Nataka kujua mbegu ilitoka wapi hasa, tuwaambie na wa huko."

Kabla sijafungua mdomo nikasikia hatua nyuma. Bi Zabibu alikuwa anateremka, kanga amefunga kiunoni kikazi, jembe begani.

"Mimi," akasema. "Hamugembe, nyuma ya nyumba. Andika. Zabibu, mama yake Twaibu. Nilikuta mapengo nikayaziba, maana pengo shambani kwa mwanamke ni aibu. Huyu mtoto hakunituma, alikuwa kitandani na kichanga." Akanitazama, mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Anajisingizia makosa yangu kama vile mimi sina mdomo."

"Mama, shikamoo," alisema Protase.

"Marahaba. Sasa niambie, ni hii tu itoke, au na majirani zake?"

Protase alieleza bila kuzungusha. Miche kumi na tisa ing'olewe sasa hivi, ichomwe. Angechukua majani ya mashina yaliyopakana nayo, na ya shamba la juu pia, ayapeleke yapimwe, kwa sababu macho hayatoshi. Mpaka majibu yatoke, hakuna kijiti kinachotoka shambani humu, hata cha kuchokonolea meno. Shamba la juu lilikuwa na matumaini, kwa vile liko mbali kidogo, mbegu za mama hazikufika. La chini hakutaka kuahidi.

Bi Zabibu hakungoja amalize. Alishika mche wa kwanza, akauvuta na mizizi yake, akakung'uta udongo, akaurusha njiani. Kisha wa pili. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. "Nilipanda mimi, nang'oa mimi. Wewe una mtoto mgongoni."

Alipomaliza alisimama juu ya njia, jasho linamtoka, akayatazama yale mapengo kumi na mawili ya shamba la juu.

"Na haya?" akamuuliza Protase. "Yatakaa hivi hivi yananikodolea macho?"

"Pengo la muhogo libaki pengo la muhogo, mama. Lakini kama linakuumiza sana, tia maharage. Maharage hayaugui ugonjwa huu."

"Mawe! Na siku zote mlikuwa mnangoja nini kusema?"

Ephrasia akacheka kwanza, kisha sote. Mama alipanda nyumbani, akarudi na maharage kwenye pindo la kanga, akamwita Shadya. Bibi anatoboa kwa kidole, mjukuu anadondosha mbegu tatu, anafukia, anapigapiga udongo kwa kiganja. Mapengo yote kumi na mawili.

Kesho yake aliondoka. Nilidhani bado ana hasira, mpaka tulipofika stendi akaniambia, "Sikukimbii. Naenda kuing'oa ile ya nyuma ya nyumba kabla sijampa mtu mwingine. Nimeshawagawia watatu, mwanangu. Shemeji yako wa Kamachumu, na wanawake wawili wa mtaani. Kila niliyemtembelea." Alisema hivyo akiangalia mikono yake. Sikuwa na mbegu ya kumpa arudi nayo, na yeye hakuomba. Nilimfungia mkungu mdogo wa ndizi na dagaa.

Majibu yalikuja siku ya tisa, kwa simu, niko njiani kwenda darasani. Protase alisoma kama anavyosoma kila kitu, bila kupandisha wala kushusha. Shamba la chini, katika sampuli tano, mbili zina kirusi. Lote litolewe. Shamba la juu, safi. Linabaki shamba la mbegu.

Nilisimama pale barabarani, nikahesabu kichwani. La chini lilikuwa kubwa kuliko la juu. Badala ya kaya kumi na nane, tungepata mbegu za kaya saba. Nilihuzunika, nakiri. Lakini zilikuwa saba za kweli. Kikundi kilikaa Jumamosi, wakasema maneno yao, na mengine yalikuwa makali, nami nikayapokea. Mwisho wakakubaliana Ephrasia awe wa kwanza kwa sababu ndiye aliyepoteza zaidi, na mimi wa mwisho. Ilikuwa haki. Siku iliyofuata walikuja kumi na wawili kunisaidia kung'oa shamba la chini, na Ephrasia ndiye aliyewasha moto.

Jioni ile Bi Zabibu alipiga. Nikaweka sauti ya nje ili nimalizie kumbadilisha Anwari nepi.

"Nimemaliza," alisema. "Hata kijiti hakijabaki. Jirani ananiuliza, Zabibu, umerogwa? Nikamwambia umelala wewe, njoo nikupasulie mmoja uone ndani. Kamachumu nimeenda mwenyewe, shemeji yako ameng'oa huku ananuna. Wale wengine wameng'oa pia, mmoja kwa matusi." Akapumzika. "Sasa nyuma ya nyumba peupe. Protase kasema nikae msimu mzima bila kupanda muhogo. Halafu nitakuja kwako kupanga foleni kama mtu baki."

"Hutapanga foleni, mama."

"Nitapanga. Masharti ni masharti." Kisha sauti yake ikashuka. "Na huko kwako? Nimekuachia peupe tupu, eh?"

Shadya, aliyekuwa ametoka shamba la juu na udongo mpaka magotini, akaisogelea simu, akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasema kwa sauti kubwa:

"Bibi, maharage yako yameota."